Rivyu ya SD40-2: kichwa cha treni kisicho na makuu

Ukipanda kwenye kichwa chochote cha treni ya mizigo huku Marekani, kabla hujashika kitu angalia mle kebini, utakuta kadi imechomekwa nyuma ya plastiki. Watu wa reli wanaiita kadi ya bluu. Ile ndo faili la mgonjwa, inaonyesha kichwa kilikaguliwa lini, wapi, na nani aliweka saini. Sheria inataka kichwa kiangaliwe kila siku kinayofanya kazi, afu kwa vichwa vya zamani kama vyetu kila siku 92 kinaingia karakana kinafunguliwa milango kinaangaliwa vizuri, na kila mwaka kuna ukaguzi mkubwa zaidi. Mi kazi yangu ndo hiyo, ni fundi, na huu mwaka wa 11 naweka saini kwenye hizo kadi.

Kampuni yetu ni ndogo, jina naliacha. Tunavuta nafaka na kokoto, tunazikabidhi kwa reli kubwa, basi. Tuna vichwa sita na vyote ni SD40-2, kile kikongwe kilitoka kiwandani 1973, kimenizidi umri. Ndugu na marafiki nikiwatumia picha swali ni lilelile, "fundi, hivyo vyuma chakavu bado mnavitumia vya nini, si mnunue vipya?" Nimejibu mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwahiyo leo naandika rivyu kamili ya hii mashine, na wanaofikiria kununua used waisome mpaka mwisho maana kuna sehemu za kuumia pia.

Msimamo wangu nausema mapema. Kichwa cha treni usikipime kwa nguvu za farasi, kipime kwa siku kilizokuwa nje ya karakana kinavuta mzigo. Hospawa elfu nne zilizolala karakana hazisogezi hata behewa moja. Na kwa kipimo hicho sijaona cha kukifikia hiki.

Ila kukielewa lazima ujue kimetokea wapi. Enzi za mvuke kila kichwa kilikuwa na jeshi la watu nyuma yake, wa makaa, wa maji, wa majivu, wa kusafisha boila. Mwaka 1939 Electro-Motive, kampuni ya General Motors, wakatoa kichwa cha dizeli cha mizigo kinaitwa FT, vipande vinne vimeungana, jumla nguvu za farasi 5,400, wakakizungusha miezi 11 kwenye reli 20 tofauti, zaidi ya maili 83,000, watu wajionee wenyewe. Kampuni ya reli ya Santa Fe walikuwa wa mwanzo kununua na sababu yao naipenda sana, njia yao inapita jangwani, maji ya kunywesha mashine za mvuke ilibidi yabebwe na treni kupelekwa huko, yaani treni inafanya kazi ya kunywesha treni nyingine. Dizeli ikaua hiyo habari yote.

Miaka ya 60 watengenezaji wakaingia kwenye mashindano ya nani ana hospawa nyingi. Hapo ndo ikaja SD45 ya hao hao Electro-Motive, ya 1965, injini ya silinda 20, hospawa 3,600. Kwenye karatasi inatisha. Lakini injini ya silinda 20 ni ndefu, krenkishafti yake ndefu, na zile za mwanzo zilikuwa zinakatika. Kama hujawahi kuona krenkishafti iliyokatika kwenye injini ya ukubwa huo, elewa tu kwamba hapo hakuna kufungafunga, ni kutoa injini nzima. Walirekebisha baadaye lakini bado ilikuwa inakula wese, na mafuta yalipopanda 1973 kila mwenye reli akaanza kuhesabu, hizi silinda nne za ziada na hospawa 600 za ziada, zinanilipa nini?

Sasa Januari 1972 ilikuwa imeshatoka SD40-2. Silinda 16, hospawa 3,000, ekseli sita zote zinavuta. Kwa namba ni kama wamerudi nyuma, na mi nadhani huo ndo uamuzi wa busara kuliko yote waliyowahi kufanya, walichukua SD40 ya 1966 ambayo tayari ilikuwa inajulikana haisumbui, wakaacha kuikamua, wakakaa wakarekebisha vinavyoudhi mafundi. Mpaka uzalishaji unakwisha miaka ya 80 zilikuwa zimetengenezwa karibu 4,000.

Lile "-2" mwishoni ni nini? Zamani makabati ya umeme yalikuwa yamejaa rilei, vidude vya kubonyeza na kuachia, zinashika uchafu, zinaungua pointi, na kutafuta iliyogoma ilikuwa kama kutafuta sindano gizani. Kwenye -2 sehemu kubwa ya hayo mambo ya kuongoza wakayahamishia kwenye kadi za elektroniki zinazochomekwa. Kadi ikizingua unachomoa unachomeka nyingine, kichwa kinaondoka. Kadi mbovu inaenda kutengenezwa yenyewe kwa raha zake, treni haiisubiri. Hilo wazo sisi leo tunaliona la kawaida, kwa 1972 lilikuwa kubwa sana.

Injini yenyewe inaitwa 645, maana kila silinda ina inchi za ujazo 645, ni kama lita 10 na nusu. Silinda moja hiyo. Zidisha mara 16 unapata karibu lita 170, na inazunguka taratibu, gesi ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho ni mizunguko kama 900 kwa dakika. Ni stroki mbili, ndo maana mlio wake ni ule wa kuimba, ukiwa umelala umbali wa maili moja unajua SD40-2 inapanda kilima na unajua dereva yuko notchi ya ngapi, yaani hatua ya ngapi ya gesi. Injini haigeuzi magurudumu moja kwa moja, inazungusha alteneta, umeme unaenda kwenye mota sita huko chini, kila ekseli na yake.

Ninachokipenda kuliko vyote ni hiki na naomba mnivumilie nikieleze kwa kirefu. Kila silinda ni seti yake, kichwa cha silinda, slivu, pistoni na fimbo yake, na unaweza kuitoa hiyo seti moja peke yake, injini ikiwa palepale imekaa kwenye kichwa cha treni. Majira ya mavuno mwaka juzi kile cha 1973 kilianza kupoteza maji, siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, oili ikaanza kubadilika rangi. Tukakifungua jioni, tukapita silinda moja moja kwa tochi kupitia matundu ya pembeni, ya 11 ndo ilikuwa inalia, tone, tone, tone. Tukamwaga maji, tukamwaga oili, tukafungua mfuniko wa juu, kreni ikashuka, seti mbovu ikatoka, nzuri ikaingia, gasketi mpya, bolti zikakazwa kwa kipimo, asubuhi kabla hata chai haijaiva kimewaka. Saa nne kilikuwa na mabehewa ya mahindi nyuma. Watu wawili na kreni moja! Niambie ni mashine gani ya ukubwa ule unaifanyia hivyo usiku mmoja.

Mzee aliyenifundisha kazi, ameshastaafu sasa, alikuwa ananiambia mashine nzuri ni ile aliyeichora alishawahi kupasuka mikono kwa kazi. Kwenye 645 unaliona hilo, spana inaingia pale unapotaka iingie.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mtu anunue afu anilaumu.

Tabo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini. Ya hii injini ni ya aina yake, ukiwa notchi za chini inazungushwa na gia za injini yenyewe, ukifungua gesi na moshi ukawa na nguvu ya kutosha inajiachia kwenye gia kwa klachi ndogo inazunguka kwa moshi. Ni ubunifu mzuri kwasababu injini ya stroki mbili bila hewa ya kusukumiwa haiwaki kabisa. Lakini klachi ile ikichoka umeumia, moshi mweusi kama umechoma tairi na nguvu hamna. Na tabo ni bei mbaya kuliko kitu chochote kwenye injini. Sisi tulinunua moja iliyofanyiwa ovahoo na karakana fulani ya nje, tukapewa karatasi nzuri zenye mihuri, wiki mbili klachi ikaanza kuteleza. Tulipowarudishia wakasema kosa ni la oili yetu chafu. Tulipeleka oili ile kupimwa, ilikuwa safi, na bado hawakurudisha hata senti. Iliniuma sana, sio kwa ajili ya hela tu, ni kwasababu mtu aliweka saini kwamba kazi ameifanya. Toka siku hiyo mi tabo ya kununua naifungua mwenyewe naiangalia kabla haijapandishwa, na we fanya hivyo.

Afu kuna kitu kinaua tabo bila watu kujua, kuzima injini na kuondoka. Kuna pampu ndogo ya umeme inaendelea kupeleka oili kwenye tabo kama nusu saa hivi baada ya injini kuzimwa, ili beringi zipoe. Dereva akizima halafu akakata swichi kuu ya betri muda huohuo kwa haraka ya kwenda nyumbani, oili inaungulia mle ndani. Nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye vichwa vyote sita, SUBIRI PAMPU IMALIZE.

Baridi ndo adui namba moja. Hizi injini hazitumii kulanti ya kuzuia kuganda kama gari lako, ni maji yaliyotiwa dawa ya kutu tu, kwasababu kulanti ikivujia kwenye oili inaharibu beringi. Kwahiyo msimu wa baridi kali huzimi injini, inaunguruma usiku kucha, inakunywa mafuta bure na majirani wanalalamika na wana haki ya kulalamika. Ukizima lazima umwage maji yote. Tulishapoteza rejeta mbili usiku mmoja kwasababu injini ilikata moto saa nane, hakuna aliyesikia, na valvu ya kumwaga maji yenyewe ilikuwa imeganda. Ilikuwa zamu ya watu wengine ila nililiona lile barafu asubuhi nikakaa chini.

Na kabla ya kuwasha iliyolala, tafadhali sana, fungua zile valvu za kupimia za silinda zote 16 uizungushe bila mafuta uone kama kuna maji yanatoka. Maji hayashindiliki. Ukiwasha silinda ina maji unapinda fimbo, na hapo ule uzuri wote wa kutoa seti moja hautakusaidia sana.

Mengine ni madogo. Kebini ina kelele, joto ni joto, baridi ni baridi, kiti kinavunja mgongo. Inavuja oili, zote zinavuja oili, ukikuta isiyovuja angalia kama ina oili. Nyaya za miaka 50 zinapukutika ganda ukizikunja. Na kushika reli, hapa vichwa vipya vinaishinda mbali, mvua ikinyesha majani yakiwa kwenye reli magurudumu yanateleza na dereva ana kazi ya kumwaga mchanga.

Huko kwenye reli kubwa zilifanya kazi gani? Burlington Northern walinunua mamia kwa mamia kwa ajili ya makaa ya mawe ya Powder River kule Wyoming, treni ndefu zaidi ya behewa 100, vichwa kadhaa vimeungana mbele vinapiga mzigo mchana na usiku. Southern Pacific wao walikuwa na mahandaki na mapaa ya kuzuia theluji kwenye milima ya Sierra Nevada, kichwa cha nyuma kinavuta hewa ya moto iliyotemwa na cha mbele kinachemsha, wakatengenezewa toleo la peke yake, SD40T-2, matundu ya hewa ya kupoza yameshushwa chini usawa wa njia ya kutembelea ambako hewa ina ubaridi kidogo. Norfolk and Western pamoja na Southern wakataka pua (lile boksi fupi lililopakana na kebini) iende juu na kuendesha upande wa injini ukiwa mbele. Conrail wao walikataa boji mpya za HT-C (boji ni zile fremu za chini zinazobeba magurudumu), maana vichwa vya abiria vya SDP40F vilivyokuwa na boji za aina hiyo vilikuwa vimeacha reli mara kadhaa miaka ya 70, wakachukua boji za mtindo wa zamani. Mashine ni moja ila kila mtu kaivalisha nguo yake, na chini ya nguo spea ni zilezile. Hapo ndo utamu kwa sisi wadogo, pistoni iliyotoka kwenye kichwa cha makaa Wyoming inaingia kwangu bila maneno.

Kilichoiheshimisha zaidi ni mrithi wake. Miaka ya 80 mwanzoni Electro-Motive (kwa kifupi EMD) wakatoa SD50, wakachukua injini hiyohiyo ya 645 wakaikamua hospawa 3,500 na kuipandisha mizunguko mpaka 950. Ikawa inaingia karakana mara kwa mara, umeme na injini vyote vinasumbua, na wateja waliozoea SD40-2 hawakuvumilia. Wapinzani wao General Electric ndo wakati huohuo wanajipanga vizuri, wakawapita kwa mauzo mwaka 1983. EMD walijirekebisha na injini ya 710 kwenye SD60, nzuri kabisa, lakini nafasi ya kwanza ilishakwenda. Kisa cha SD45 kilikuwa kimewafundisha na bado wakarudia, hili mpaka leo linanishangaza.

Miaka ya 90 zikaja mota za AC, zinazotumia umeme wa kubadilikabadilika mwelekeo. Burlington Northern waliagiza SD70MAC kwa mamia, vitatu vikawa vinafanya kazi ya SD40-2 tano kwenye makaa. Hapo hamna ubishi, kwa treni zito la masafa marefu hii mashine ilikuwa imepitwa, na atakayekwambia vinginevyo anaongea mapenzi tu. Ila hazikutupwa. Zikashushwa kwenye kazi za yadi, treni za karibu, zingine zikauzwa kwa kampuni kama yetu, na zingine reli kubwa zenyewe zikazifumua mpaka fremu zikazijenga upya, kebini mpya, nyaya mpya, kompyuta ya kuongoza. Fremu na injini ya 1970 na kitu zinapata maisha ya pili.

Mfano ninaoupenda kuusimulia ni kichwa namba 8888, SD40-2 ya kampuni ya reli ya CSX. Tarehe 15 Mei 2001 huko Ohio kiliondoka yadi bila mtu ndani na mabehewa 47, dereva alishuka kwenda kugeuza swichi ya reli akidhani ameweka breki ya mota (mota zenyewe ndo zinapunguza mwendo), kumbe ameweka gesi ya mwisho, na breki ya kichwa peke yake haikutosha, ikaungua ikaisha. Kikakimbia kwa karibu masaa mawili, zaidi ya kilomita 100. Kilichokikamata ni SD40-2 nyingine, namba 8392, ilikifuata kwa nyuma ikajiunganisha na mkia, ikavuta breki mpaka mwendo ukashuka, mtu mmoja akakimbia pembeni akadaka ngazi akapanda akazima. Hakuna aliyekufa. Na 8888 baada ya yote hayo kilirudi kazini, kikajengwa upya kuwa SD40-3 na kupewa namba nyingine, 4389. Kichwa kilichokimbia gesi mpaka mwisho bila dereva na breki zimeshikilia, na bado kuna mafundi walikikagua wakaona kinafaa kuendelea. Hiyo ndo historia ya utumishi ninayoiheshimu.

Nyota? Natoa nne na nusu kwa tano. Nusu nimekata kwa ajili ya baridi, kuteleza na moshi wake, maana hewa tunavuta wote na injini hizi zilichorwa kabla watu hawajaanza kupima hayo mambo.

Ukitaka kununua used, usianze na rangi. Omba kumbukumbu za karakana za miaka mitano na uzisome usiku umetulia, kuliko kusikiliza maneno ya muuzaji. Unatafuta kitu kimoja, tatizo linalojirudia. Seti za silinda kubadilishwa hapa na pale ni kawaida, ila silinda ileile ikibadilishwa mara tatu kwa miaka miwili tatizo haliko kwenye seti, liko kwenye bloku, kimbia. Chukua oili ikapimwe maabara. Waambie wakiwashe kikiwa cha baridi kabisa, ukikuta wameshakiwasha kabla hujafika uliza kwanini. Kipandishe notchi ya 8 kikiwa na mzigo uangalie moshi, mweusi ukibaki muda mrefu ni tabo au injekta. Fungua kabati la umeme unuse, harufu ya kuungua haifichiki. Afu pima magurudumu, maana seti ya magurudumu kwa ekseli sita itakula bajeti yako kabla hujavuta behewa la kwanza.

Kile cha 1973 kimeingia leo asubuhi kwa siku 92 zake. Tumeshafungua milango yote, bendera ya bluu iko mbele na nyuma ili mtu asikisogeze tukiwa chini yake. Silinda ya 11 ni kavu kabisa, nimepitisha kidole. Ya 4 ina ringi moja siipendi inavyong'aa, naibadilisha usiku huu, na kadi nikiisaini Alhamisi kinarudi kwenye mahindi.